Jina ya kukopeshwa: namna ilipotea mu Lubumbashi na namna ilirudi

Mu vitabu kama hiki tumezoea kusoma juu ya ndoa, juu ya kilio, juu ya ngoma na majina ya mababu. Deni haiingii mule, sawa vile si desturi ya watu wenye heshima. Lakini kukopa na kulipa ni desturi kabisa: iko na sheria zake, iko na haya yake, iko na maneno yake, na historia yake inafuata historia ya muji wetu hatua kwa hatua. Ndugu musomaji, njo ile historia nataka tutazame pamoja: namna mutu wa Lubumbashi alikuwa na jina ya kukopeshwa, namna ile jina ilianguka, na nani aliinyanyua.

Ku Marekani wana namba. Kompani moja, Fair Isaac, ilileta namba ya FICO mu mwaka 1989, inaanzia 300 inafika 850, na kwa ile namba banki inajua kama utakopeshwa nyumba ao hapana. Mutu akishindwa kulipa, kosa yake inabaki mu karatasi miaka 7 hivi, kisha inatoka. Kwetu Banki Kuu ya Congo nayo iko na Centrale des risques, pale mabanki yanaandika watu wanaokopa kwao. Lakini mama anayeuza mboga ku soko ya Kenya (ile Kenya ya kwetu, komini, si inchi ya Nairobi) hayuko mu ile daftari. Namba yake iko mu kinywa ya majirani. Na kinywa ya majirani haihesabu miaka 7.

Tuanze na zamani. Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa mu 1906, muji wa Élisabethville mu 1910. Mu miaka ya kwanza wafanyakazi walikuja kwa miezi michache tu na kurudi kwao. Mutu wa vile, nani atamukopesha? Kesho hayuko. Kutokea karibu na 1928 kompani iligeuza mawazo: ikataka mufanyakazi akae, aoe, azae batoto mu kambi. Alipewa nyumba, alipewa posho, mutoto alitunzwa ku hospitali ya kazi na kufundishwa ku masomo ya kazi. Njo pale watu walianza kusema kama Union Minière ni baba na mama. Mu 1967 ikawa mali ya Serikali, kisha ikachukua jina ya Gécamines, lakini neno ya baba na mama ikabaki.

Sasa tazama kintu gani ile ilileta juu ya deni. Mwenye duka alipomukopesha mufanyakazi, hakutazama tabia yake sana. Alitazama kazi yake. Mutu yuko na namba ya kazi, yuko na nyumba yenye inajulikana, mwisho wa mwezi atapata mushahara, na kama hakuupata wiki hii ataupata wiki ijayo. Alitia kidole ao sinyatire ku karatasi ya « bon », alibeba vitu, akaenda. Kwa kusema kweli, jina ile haikuwa yake. Ilikuwa jina ya kompani, yeye aliazima tu. Watu wengi hawakuona ile tofauti, na haikuwa lazima waione, mradi mushahara ulikuja.

Kisha mushahara ukaacha kuja. Mu 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 470,000 ya shaba. Mu Septemba 1990 mugodi wa Kamoto, kule Kolwezi, uliporomoka. Mu Oktoba 1991 Lubumbashi iliona uporaji, maduka yakavunjwa, na wenye maduka wengi, hasa wageni, wakafunga na kwenda. Mu 1993 shaba ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000. Na katikati ya ile yote, mu 1992 na 1993, bandugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa, zaidi mu Likasi na Kolwezi, wakalala ku magare wakingoja treni. Wengi wameandika juu ya mateso ile, na ni haki. Mimi nitaongeza kintu kimoja kidogo: deni inaomba jirani abaki jirani. Pale jirani anaweza kuondolewa kwa siku moja, yule aliyemukopesha anapoteza, yule aliyemukopa anapoteza, na hata wale waliobaki wanajifunza kutokopeshana.

Feza yenyewe nayo ilikufa. Mu 1994 bei zilipanda kupita asilimia 9,000 mu mwaka moja. Zaire mupya ilikuja mu Oktoba 1993, moja yake ilikuwa sawa na zaire milioni 3 ya zamani. Mu Juni 1998 ikaja franka ya Congo, moja yake sawa na zaire mupya 100,000. Fanya hesabu, utaona franka moja ni zaire ya zamani miliari 300. Basi mutu aliyekopesha zaire mu 1990, akaandika muzuri mu kaye yake, na mwenye deni akarudi mu 1998 na moyo safi, na namba ile ile imeandikwa: angemulipa nini? Hata kipande ya franka hapana. Yule analipa, lakini yule mwingine halipwi. Njo maana kutokea ile wakati watu walishika dollar kwa kuhesabu deni, na mupaka leo mutu anaweza kukukopa franka na mukaandika dollar.

Mu nyumba za Gécamines wafanyakazi waliendelea kwenda ku kazi. Hii watu wa nje hawaielewi: mutu anakaa miezi na miezi bila mushahara na asubuhi anavaa bote, anaenda. Lakini akiacha kazi anapoteza nyumba, anapoteza hospitali, anapoteza haki yake ya mwisho. Kisha njo baba na mama. Nani anakana wazazi wake juu wamegonjwa? Professa Donatien Dibwe dia Mwembu wa chuo kikuu cha Lubumbashi amefanya kazi ndefu juu ya ile maisha, na kitabu chake cha mwaka 2001, Bana Shaba abandonnés par leur père, kiko na kichwa chenye kinasema yote: batoto wa Shaba walioachwa na baba yao.

Papa aliyekuwa anasinya bon sasa alipita nyuma ya duka ili wasimuone. Duka ilikataa. Muganda wa Gécamines, ule uliofungua milango yote, ukawa alama ya mutu asiyelipa. Kwa wengine ilibaki kumutafuta mukopeshaji wa siri, yule tunaita Banque Lambert. Ile jina ni ya banki ya kweli ya Ubelgiji, watu wa Congo waliichukua kwa kuchekesha, lakini mambo yenyewe haichekeshi. Unachukua dollar 100, kisha mwezi moja unarudisha 150. Ukishindwa, anachukua frigo, anachukua televizio, anachukua karatasi ya kiwanja. Tofauti na duka ni kwamba Lambert haulizi jina yako. Anatazama kitu yako. Mutu anaweza kulipa Lambert mara kumi na jina yake isikue hata kidogo.

Nani basi alirudisha jina? Bamama. Nasema hivi si kwa kuwasifu bure. Pale mushahara ulipokatika, mama alitoka na beseni: unga, makala, samaki ya kukauka, mikate, mboga. Wengi walikuwa hawajafanya biashara hata siku moja, kwa sababu kompani ilitaka mama abaki nyumbani. Na pamoja na beseni ilikuja likelemba.

Neno ni ya Lingala, lakini kila muji wa Congo umeichukua, na tuseme namna inaenda, kwa sababu mu ile namna njo kuna dawa yote. Bamama kumi wanapatana. Kila siku, ao kila wiki, kila mutu anatoa kiasi kimoja, tuseme franka 1,000. Ile 10,000 inapewa mutu moja. Kesho mwingine, mupaka wote kumi wamepita. Hakuna faida, hakuna banki. Watu wengine wanafikiri ni akiba tu. Hapana. Yule anayepokea wa kwanza amekopeshwa na wenzake tisa. Yule anayepokea wa mwisho amekopesha wenzake tisa. Basi swali kubwa ya likelemba si kiasi gani. Ni nani anapokea mbele.

Na pale njo kunaonekana hekima yake. Mutu ambaye jina yake imeanguka hawamufukuzi. Wanamutia ku mwisho. Atatoa siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tisa, kila mara, na watamutazama kama anatoa na mukono muzuri ao kama anaanza kuleta hadisi. Akifika ku mwisho atapokea yote yake, hakupoteza kitu, na wao hawakuwa na hatari yoyote. Muzunguko unaofuata anaweza kusogea: wa nane, kisha wa sita. Kisha mizunguko michache anaweza kuomba kuwa wa kwanza kwa sababu mutoto yuko mu hospitali, na watakubali. Hakuna karatasi iliyosema umesamehewa. Ni nafasi tu imebadilika. Ukiuliza mama yule leo unamuamini yule mwenzako? atakujibu: anapokeaka wa tatu. Njo namba yake.

Nimesikia watu wanasema likelemba ni kitu kidogo, ya masikini. Siamini vile. Mu miaka ile ya 1990, pale mabanki zilishindwa hata kurudishia watu feza yao wenyewe, pale Michel Bindo ku Kinshasa aliahidi watu kuzidisha feza yao mara nyingi na mu 1991 yote ikaanguka, likelemba ya bamama kumi chini ya muti wa mwembe iliendelea kuzunguka. Si yote, kweli. Nyingi zilikufa, mutu anapokea wa kwanza kisha anahama. Lakini ilipokufa, walijua nani aliiua.

Mu Agosti 2003 ikaja habari ya « départs volontaires ». Kwa musaada wa Banki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipewa feza kwa mara moja na wakatoka. Mishahara yenye hawakulipwa ilikuwa ya miaka, si ya miezi. Tangu ile siku vyama vya ex-agents wanasema kiasi walichopewa hakikufikia haki yao. Mimi naona ni hapa hesabu ya deni inageuka kabisa. Miaka kumi na zaidi papa alibeba haya ya mutu asiyelipa, wakati mwenye deni kubwa kupita wote mu muji alikuwa kompani yenyewe, na juu yake Serikali. Duka ilimuandika papa mu kaye. Kompani nani alimuandika?

Feza ya 2003 ilipita haraka mu nyumba nyingi: madeni ya zamani, masomo ya batoto, gari ya taksi iliyokufa kisha mwaka. Wale waliomuachia mama sehemu kwa biashara yenye ilikuwa imesimama tayari, hao walienda mbele zaidi.

Kisha mabanki zikarudi. Trust Merchant Bank ilianzishwa hapa hapa Lubumbashi mu 2004. Mwisho wa 2022 KCB ya Kenya, inchi sasa, ilinunua sehemu yake kubwa. FINCA, iliyoingia Congo mu 2003, ilikopesha bamama mu kikundi, kila mutu akijibia mwenzake. Bamama hawakuhitaji mutu wa kuwafundisha ile. Walikuwa wanaijua tangu zamani, ila sasa iko na faida ya kulipa na mukubwa mwenye kalamu.

Lakini mulango wa banki ulikuwa na mufungo mwingine. Sheria ya jamaa ya 1 Agosti 1987 ilisema mwanamuke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana yake kwa kila tendo yenye inamufunga mbele ya sheria. Fikiria basi. Mama amelisha nyumba miaka kumi na tano, ameshika nafasi ya kwanza mu likelemba tatu, na anapofika ku biro wanamuomba sinyatire ya papa, yule papa ambaye hata duka ya pembeni haimukopeshi tena sukari. Jina ilikuwa ya mama, karatasi ilimujua papa. Wengine walileta sinyatire kwa amani, wengine kwa kugombana, na wengine waliacha banki. Ile ruhusa iliondolewa na sheria ya 15 Julai 2016.

Leo telefone imeingia. M-Pesa ya Vodacom ilianza mu Congo mu 2012, na likelemba nyingi sasa hazikutani kila siku. Feza inatumwa, mama mwenye kaye anatazama message na kutia alama. Kazi inakuwa nyepesi. Lakini nimeona bamama wengi wa Katuba na Ruashi wanaendelea kukutana siku moja mu wiki hata kama feza imekwisha kufika, na yule mupya, yule wa ku mwisho, wanamuomba alete yake mu mukono.