Pembe au Bibi

Waandishi wa zamani wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na kwa mazoea yao herufi ba ilibebeshwa mzigo: ilisimama kwa b, kwa p, na kwa mb pia. Kasra, kile kistari cha chini, kilikuwa i au e. Kwa hiyo neno “pembe” na neno “bibi” yaliweza kuandikwa sawasawa. Wako walioongeza nukta na alama ili kuyatenganisha, lakini si kila karani alijali. Huko Tabora hilo si jambo dogo, maana pembe ndizo zilizoleta misafara kutoka Bagamoyo na kuigawa njia pale: moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda.

Sasa lichukue neno hilohilo, PEMBE, kwa herufi kubwa, uliweke ndani ya kompyuta. Linakuwa baiti tano: 50 45 4D 42 45. Ipe disasembla, yaani programu inayogeuza baiti za mashine kuwa maagizo ya asembli yanayosomeka na binadamu, kisha iambie kwamba baiti hizo ni maagizo ya prosesa ya Intel ya biti 32. Haitalalamika hata kidogo. Itatoa hivi:

push eax
inc ebp
dec ebp
inc edx
inc ebp

Ni maagizo matano halali kabisa: sukuma, ongeza, punguza, ongeza, ongeza. Hakuna baiti hata moja iliyosomwa vibaya, na bado neno limepotea. Mashine haikuhifadhi popote kama pale palikusudiwa kusomwa kama maneno au kama kazi. Anayejua ni mtu, na njia yake ya kusema ni kuongeza maelezo pembeni:

push eax ; si agizo, hapa linaanza neno PEMBE

Ile nuktamkato ndiyo mpaka. Kushoto kwake ni kilichotoka kwenye baiti; kulia ni sauti ya msomaji, na asembla ikiisoma mistari hiyo upya itaruka kila kilicho kulia. Ni kialama kidogo sana kwa kazi kubwa kiasi hicho. Bahati mbaya hakikubaliwi kila mahali. Asembla nyingi za Intel hutumia nuktamkato. Programu iitwayo objdump, ikichambua maagizo ya prosesa hizohizo, huweka #, ambayo sisi tunaiita alama ya reli (jina linalokaa vizuri mdomoni mwa mtu wa Tabora, mji wa njia panda ya reli). Kwa prosesa za ARM, asembla ya GNU inataka @.

Hapo ARM pana kisa kinachostahili kusimuliwa. Kwa asembla hiyo, nuktamkato haianzishi maelezo. Inatenganisha agizo moja na jingine. Lakini kwa miaka mingi objdump, ambayo ni ndugu yake wa nyumba moja, iliendelea kuweka nuktamkato mbele ya maelezo iliyoyaongeza yenyewe. Macho ya binadamu hayakuona tatizo. Ila ukiyarudisha matokeo hayo kwa asembla, maelezo yanageuka kuwa maagizo: dhana ya msomaji inaingia kwenye mstari wa matini na kudai itekelezwe. Baadaye watunzaji wake waliibadilisha, ikawa @.

Mimi nasomea historia, na kisa hicho kinanifikirisha kuhusu karatasi zetu kuliko kuhusu prosesa. Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Heinrich Brode, Mjerumani aliyekuwa Zanzibar, aliyahamisha kwenda herufi za Kirumi, yakachapishwa Berlin 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Mwenye maneno alikuwa bado hai. Alifariki Zanzibar 1905. Kila neno lilimtaka Brode achague: i au e, u au o. Mahali penye biashara ya pembe, muktadha unamwongoza. Lakini jina la mtemi au kijito cha bara halina muktadha wa kumwokoa mtu. Uamuzi unafanyika, herufi zinapigwa chapa, na msomaji anayezikuta miaka 100 baadaye hana nuktamkato ya kumwonyesha matini yaliishia wapi na uamuzi ukaanzia wapi.

Wala si herufi za Kiarabu peke yake. Burton na Speke walipofika 1857 waliuandika mji huo Kazeh, na jina likaingia kwenye ramani. Ramani haikuwa na pembezoni pa kusema “ndivyo tulivyosikia”.

Kinachoniuma zaidi ni jina la mtu. Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, alifariki 1858. Binti yake Karunde alikuwa ameolewa na Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip. Aliyerithi uongozi aliwatoza Waarabu ushuru. Wakamwondoa, wakamweka Mkasiwa, na vita vikaendelea mpaka alipouawa 1865. Speke alimwandika Manua Sera. Wanahistoria waliokuja nyuma wanaandika Mnywa Sere, wengine Mnywa Sele. Kila tahajia ni sikio la mtu fulani, lakini zote zimechapwa kama baiti, kana kwamba ndivyo alivyojiita mwenyewe.

Matokeo yake unayaona ukiketi mbele ya kompyuta ya maktaba. Andika Manua Sera, utampata mkimbizi aliyemfuata Speke njiani mwaka 1861 akiomba apatanishwe na Waarabu. Andika Mnywa Sele, utampata mtemi aliyedai ushuru kwenye ardhi yake na kuupigania kwa miaka. Mashine inawahesabu kuwa watu wawili.