Majina Juu ya Kuta: Ukoo na Nyumba za Kupangisha Dar es Salaam

Mpita njia akiinua macho katikati ya Dar es Salaam, hasa upande uliojulikana kama Uhindini, ataona juu ya baadhi ya ghorofa kuukuu maandishi ya saruji: jina la ukoo, na chini yake mwaka wa kujengwa. Wengi huyadhania kuwa ni mapambo tu. Kumbe ni kumbukumbu za biashara iliyoendeshwa na jamaa kwa vizazi kadhaa.

Biashara hiyo haikuanza na nyumba. Ilianza na duka. Mfanyabiashara wa Kihindi alilala nyuma ya duka lake, na faida ilipoongezeka ndugu wakashirikiana kujenga ghorofa. Chini palibaki duka, juu wakakaa jamaa, na sehemu iliyosalia ikapangishwa. Kodi ilisomesha watoto na kuwatunza wajane. Baba alishika daftari. Alipofariki, mwanawe akalirithi. Hata hivyo, yafaa tukumbuke kwamba Mjerumani, na baada yake Mwingereza, waligawa mji katika kanda kwa kufuata aina ya majengo, na kwa njia hiyo wakawatenga watu kwa rangi zao. Ghorofa hizo zilikua ndani ya utengano huo.

Kariakoo nako ukoo ulipangisha, ila kwa namna nyingine. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi mwembamba katikati, vyumba pande zote mbili, baraza mbele, na uani kuna jiko na choo. Mwenye nyumba alijiwekea chumba kimoja au viwili, vingine akawapa wapangaji. Uani ulikuwa wa wote, kwa hiyo deni la kodi lilizungumzwa na watu waliopikia mahali pamoja. Jambo hilo halikupunguza kodi, lakini lilipunguza ukali wa kuidai.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 ikafuata Sheria ya Kutwaa Majengo: majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yaliweza kutwaliwa na Serikali, na jengo lililotimiza miaka kumi halikulipiwa fidia. Sheria haikutaja rangi ya mtu. Hata hivyo, walioguswa zaidi walikuwa Waasia, kwa kuwa ndio waliokuwa na maghorofa. Nyumba nyingi za Kariakoo zilinusurika kwa udogo wa thamani yake. Ni kweli kwamba wapangaji wengi walikuwa wamenyonywa. Ni kweli vilevile kwamba kipimo cha thamani ya jengo hakikuweza kumtenga tajiri mwenye majengo mengi na mjane mwenye moja, na wote wawili walipoteza. Jamaa nyingi zilihamia Uingereza na Kanada. Nyingine zilibaki kama wapangaji katika nyumba walizojenga wazee wao, zikimlipa kodi Msajili wa Majumba.

Mwaka 1990 kazi za Msajili zilihamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962. Kodi ilipokuwa ya chini kuliko ya soko, mpangaji aliyetaka kuhama aliweza kumwachia mwingine chumba kwa kilemba, yaani malipo ya pembeni yasiyoandikwa katika daftari lolote. Kisha thamani ya viwanja ikapanda, na baadhi ya majengo hayo yakavunjwa ili kupisha maghorofa marefu. Jengo likivunjwa, saruji yenye jina na mwaka huondoka na kifusi.