Muto wenye ulikosewa jina: Utah, 1872

Bandugu, wale wenye walishafanya tereni wanajua aibu hii. Mwaka wangu wa pili, kundi letu lilichora kijito na kukiunganisha na bonde lenye halikuwa lake. Mwalimu aliuliza tu: "Mulikifuata mpaka wapi?" Tukanyamaza.

Nilipata faraja siku nilisoma juu ya Almon Thompson, shemeji ya John Wesley Powell. Powell, mwenye mkono mmoja, alishuka muto Colorado kwa mashua mu 1869, tena 1871. Lakini ndani ya korongo unaona nini? Maji, kuta za mawe, na kipande cha anga. Kuchora nchi ya juu kulibaki kwa Thompson. Majira ya baridi, karibu na Kanab, walipima mstari wa maili 9. Ukijua urefu wake, na pembe ya kilele ukiwa kila mwisho wa mstari, unapata umbali wa kilele bila kukikanyaga. Kwenye mawe yaliyokatwakatwa vile, hiyo njo njia, maana mguu haufiki.

Juni 1872 wako njiani na farasi, wanaenda kuchukua mashua waliyoiacha kwenye mlango wa muto Dirty Devil. Wanafuata maji wenye wanaamini ni yake. Jacob Hamblin alishakosea vilevile mwaka wa mbele. Wanapanda juu, wanatazama: korongo linaenda kusini-mashariki! Na mlango wa Dirty Devil uko kaskazini-mashariki, nyuma ya milima. Kumbe ni muto mwingine kabisa, unaingia Colorado zaidi ya kilometa 100 chini zaidi. Mashua zilishapita pale bila kuuhesabu.

(Tusiwacheke. Mwaka ule ule Livingstone alikuwa bado anatafuta Nile mu Lualaba yetu.)

Thompson aliuita Escalante, jina la padri Mhispania aliyepita Utah mu 1776 bila kuuona muto ule hata siku moja. Hapo ninamkatalia. Wapaiute waliishi nchi ile, walikunywa maji yale, na bado vitabu vinaandika "muto wa mwisho kugunduliwa".

Mu 1963 baraji ya Glen Canyon ilianza kuzuia Colorado. Pale mashua zilipita bila kutambua, leo ni ziwa, na limepewa jina la Powell.