Mlolongo wa 1988

Wenzangu, mimi nimezaliwa mlolongo ukiwa umeshafutwa, lakini neno lenyewe bado naliskia vinywani mwa wazee. Taja uchaguzi wa 1988 uone. "Aa, ule wa kupiga foleni!" watakwambia, kisha wacheke kicheko kisicho na furaha.

Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kisheria tangu 1982. Ukikosa tiketi ya KANU, basi, huna pa kwenda. Kwa hiyo mchujo wa chama ulikuwa na uzito kuliko uchaguzi wenyewe. Mwaka 1986 chama kiliamua kwamba wanachama watachagua wagombea kwa kujipanga foleni hadharani.

Februari 1988 siku ikafika. Watu walisimama nyuma ya mgombea wao, au wakala aliyeshika picha yake, wakahesabiwa vichwa. Aliyezidi asilimia 70 alihesabiwa amepita bila kupingwa. Kwingineko waliongoja kura ya siri ya Machi.

Sasa nauliza: asilimia 70 ya nani? Ya waliosimama foleni tu, tena wanachama wa KANU peke yao. Tuseme jimbo lina wapiga kura 20,000, wakajitokeza 1,000. Watu 700 na ushei wangewachagulia wengine wote mbunge wa miaka mitano!

Watetezi walisema njia ni wazi, hakuna sanduku la kujazwa kura bandia. Sawa. Lakini chifu anakuona, tajiri wako anakuona, mwenye nyumba anakuona. Utasimama wapi? Viongozi wa makanisa walilipinga jambo hili mapema. Na watu wakishatawanyika, utahesabu nini upya? Ndiyo maana kilio kwamba foleni fupi ilitangazwa ndefu hakikupata dawa.

Desemba 1990 KANU yenyewe ikaufuta mlolongo pamoja na ile asilimia 70. Mwaka uliofuata kifungu cha 2A kikaondolewa, vyama vingi vikarudi.

Hata hivyo mchujo haujaisha nguvu. Penye ngome ya chama, mwenye tiketi huwa ameukaribia sana ubunge kabla ya kampeni kuanza, na sisi vijana hungoja uchaguzi mkuu ndipo tuamke.

Wewe unayetaka kuandika, kaa na mzee wako. Muulize alisimama nyuma ya nani, na nani alikuwa akimtazama. Andika. Karatasi za kura za siku ile hazipo, hazikuwahi kuwapo.