Ramani ya Mji Uliohamwa

Neno ramani lilifika pwani yetu kwa njia ya bahari. Asili yake huhusishwa na Kiajemi rahnama, yaani kielekeza njia, jina la vitabu ambavyo manahodha wa Bahari ya Hindi walivitumia kutambua bandari na miamba. Tangu mwanzo, basi, ramani ilikuwa maarifa ambayo watu hupeana ili wasiangamie.

Mocímboa da Praia, mji wa bandari kaskazini mwa Cabo Delgado, Msumbiji, ambako husikika Kimwani, Kimakonde na Kiswahili, ulikutana na ramani ya namna nyingine. Hadi mwaka 1929 eneo hilo lilitawaliwa na Kampuni ya Niassa, iliyoundwa mwaka 1891 kwa idhini ya Ureno. Kwa kampuni iliyoishi kwa kodi na kazi ya shokoa, kuijua nchi kulikuwa ni kujua mahali pa kukusanya. Mwenyeji aliandikwa, hakuandika.

Mwaka 2004 ulianzishwa nchini Uingereza mradi wa OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo mtu yeyote aweza kuichora na kuisahihisha. Afrika Mashariki haikuchelewa. Mwaka 2008 Wakenya waliunda Ushahidi, wakakusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi na kuziweka kwenye ramani. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walianza kuchora mtaa wao, uliokuwa kama pengo tupu katika ramani za wakati huo. Mwaka 2015, kupitia Ramani Huria, wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam walipita kata kwa kata wakirekodi mitaro, madaraja na vichochoro vinavyofurika.

Zamu ya Cabo Delgado ilikuja kwa msiba. Kimbunga Kenneth kilipoipiga tarehe 25 Aprili 2019, wachoraji wa kujitolea walioketi mbali sana walifuatisha nyumba na barabara kutoka picha za setilaiti ili kuwasaidia waokoaji. Hata hivyo, kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Setilaiti huona paa. Haijui kama chini yake kuna shule, msikiti au ghala, wala mtaa huo waitwaje. Majina hayo yako vinywani mwa wenyeji.

Nao wenyeji walikuwa wakitawanywa. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 viliongezeka hadi waasi wakaiteka bandari mnamo Agosti 2020. Mji ulikombolewa tarehe 8 Agosti 2021 na majeshi ya Rwanda na Msumbiji. Kufikia wakati huo, watu zaidi ya 700,000 walikuwa wameyahama makazi yao katika jimbo hilo. Waliporejea kidogo kidogo kuanzia mwaka 2022, walikuta mji wenye majengo ya umma yaliyobomolewa. Jengo lililobomoka laweza kuendelea kusimama kwenye ramani kwa miaka, mpaka anayelijua alisahihishe.

Hapa ndipo somo la uraia linapokuwa gumu. Mama anayetafuta zahanati inayofanya kazi anahitaji taarifa iliyo wazi, na fundi wa bomba anahitaji kujua kisima kipi kimekauka. Lakini ramani isomwayo na daktari husomwa pia na mwenye bunduki. Kisima, daraja na hospitali ni mali ya umma, na kwa kawaida habari zake ziwe za umma. Mahali walipolala wakimbizi ni siri ya wakimbizi. Tena, minara ya simu ikinyamaza, ramani ya mtandaoni hainyamazi peke yake: hunyamaza pamoja na wote walioitegemea. Yafaa nakala ya karatasi ibandikwe ofisini na sokoni.

Mwanafunzi mpendwa, mji hujengwa upya kwa saruji, na pia kwa kutajwa. Anayerudi Mocímboa da Praia na kuandika jina la mtaa wake kwa lugha yake anaifanya ile kazi ya rahnama: anamwonyesha njia jirani ambaye bado hajarudi.