Zamu ya Jicho

Mwaka 1970, kiwanda cha LOMO mjini Leningrad kilianza kuunda kamera ya Smena-8M, ya plastiki na ya bei nafuu. Smena maana yake ni zamu, na pia vijana wapokeao kazi ya wazee wao. Haikuwa na kipimo cha mwanga: mpigaji alitazama mbingu, akageuza pete penye alama ya jua au wingu, kisha akakisia umbali kwa jicho. Zilitoka zaidi ya milioni 20. Picha za magazetini zilipita kwanza kwa mkaguzi. Lakini raia aliyesafisha filamu yake gizani, bafuni kwake, hakuomba idhini ya mtu. Kwa njia hiyo sura za jamaa na majirani zimesalia, ambazo dola haikuzichagua.