Siku Thelathini za Mfungwa

Wengi wetu hudhani kwamba kesi hushindwa kwa kukosa ushahidi. Mimi si mwanasheria, lakini katika kusoma habari za wafungwa wa Marekani nimekuta kesi zilizokufa kabla ushahidi wenyewe haujatazamwa, kwa sababu tu karatasi ilichelewa siku moja.

Mwaka 1964 Thomas Cooper, Mwislamu aliyefungwa katika gereza la Stateville, Illinois, alisikilizwa na Mahakama ya Juu baada ya kulalamika kwamba amenyimwa ruhusa ya kununua vitabu vya dini yake. Mahakama ikaamua kuwa anaweza kuwashtaki wakuu wa gereza kwa sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1871. Lakini haki ya kushtaki ni jambo moja, kuwahi masjala ni jingine. Mtu huru akiona siku zinamwishia hupanda basi, akaipeleka karatasi mwenyewe na kusubiri igongwe muhuri. Mfungwa humkabidhi askari, na huenda askari huyo ni mwenzake yule anayeshtakiwa. Baada ya hapo hajui kama barua imesafiri au imelala mezani.

Hayo ndiyo yaliyomkuta Prentiss Houston wa Tennessee mwaka 1986. Yeye alikuwa akipinga kufungwa kwenyewe, bila wakili, na ombi lake likakataliwa. Alikuwa na siku 30 za kutoa taarifa ya rufaa. Siku ya 27 akaikabidhi kwa maofisa wa gereza. Masjala ikaigonga muhuri siku ya 31, na rufaa ikatupwa. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ilimwokoa, majaji 5 dhidi ya 4. Jaji William Brennan aliandika kwamba taarifa ya mfungwa asiye na wakili ihesabiwe imefika pale anapoikabidhi gerezani. Hoja iliyonivutia ni ya kawaida kabisa: gereza huweka daftari la barua, kwa hiyo tarehe si kazi kuithibitisha. Mahakama za chini zikaitumia kanuni hiyo hata katika mashauri ya haki za kiraia ya wafungwa, na mwaka 1993 ikaingizwa katika kanuni za rufaa za shirikisho.

Angalia, ndugu msomaji, kwamba Houston hakuongezewa hata siku moja. Kilichobadilika ni mahali pa kuhesabia. Kuongezewa siku ni jambo lililo mkononi mwa jaji, na mkono wa jaji haufiki kila mahali. Kwa nyaraka nyingi za katikati ya shauri anaweza kusogeza tarehe akipewa sababu ya maana. Kwa rufaa, mambo ni magumu zaidi.

Keith Bowles, mfungwa wa Ohio, aliyaona. Sheria ilimruhusu jaji kumfungulia upya muda wa rufaa kwa siku 14. Jaji akakosea, akaandika siku 17. Bowles akawasilisha siku ya 16. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu, tena majaji 5 dhidi ya 4, ikasema amechelewa: muda uliowekwa na Bunge, jaji hana uwezo wa kuurefusha. Mantiki yake naielewa. Ila mtu akipewa tarehe kwa amri ya mahakama, naye akaiwahi, alipaswa kumwamini nani mwingine?